Umeswapu injini ya turbo, mafuta je? Pampu, regyuleta na nozo lazima vijuane

Kuna kitu kimoja nataka kieleweke kabla ya vyote, maana ukikishika hiki mengine yanafunguka yenyewe: kontrolboksi ya gari, yani kompyuta ya injini, haioni petroli. Haijui ni kiasi gani kimeingia kwenye silinda. Inachojua ni muda. Inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu, alafu inaiamuru nozo, yani injekta inayomwagia injini petroli, ifunguke milisekunde kadhaa na ifunge, basi. Kwamba ndani ya huo muda imemwagika petroli kiasi gani, hilo linategemea ukubwa wa nozo na presha ya mafuta nyuma yake, na hivyo viwili kontrolboksi imevikariri toka kiwandani, haina namna ya kwenda kuhakikisha. Ukibadilisha kimojawapo bila kuiambia inaendelea kuhesabu vilevile, kama mama ntilie anayepima mchele kwa kikombe alichozoea kumbe usiku mtu kambadilishia kikombe.

Naandika hivi kwasababu ya gari ya jamaa yangu mmoja hapa Dar. Ana Subaru Impreza ya 1500, ile ya miaka ya 2000 inayovuta tairi zote nne, body yake safi kabisa lakini mlimani inalia. Akanunua injini ya EJ205 ya turbo mtumba wa Japani, ikaja na giaboksi yake, hanesi yake ya waya na kontrolboksi yake, yani vitu vimekamilika, hela imetoka ya kutosha. Fundi akafunga, gari ikawaka mara ya kwanza tu, sailensa (inapounguruma bila kukanyagwa) imetulia, kila mtu pale gereji anapiga makofi. Tukatoka nayo barabara ya Bagamoyo asubuhi kabla ya foleni, gia ya tatu, boosti, yani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ikaanza kupanda, kwenye mizunguko 4,000 hivi tukasikia sauti kama mtu anatikisa kopo lenye kokoto ndani ya boneti. Akaachia mguu. Ikanyamaza. Akakanyaga tena, kokoto zikarudi.

Ile sauti ni injini inagonga, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na kwenye injini ya turbo huna muda mrefu, pistoni inapasuka kingo zinazoshika ringi na biashara imeishia hapo. Jamaa akaambiwa abadilishe plagi, akabadilisha. Akaambiwa sensa ya hewa, akanunua. Akaambiwa petroli mbaya. Sasa hili la petroli lina ukweli wake, hizi injini za turbo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani kubwa ambayo kwa viwango vya kwao inaanzia 96 na vituo vingi wanauza 100, wakati ya kawaida kwao inaanzia 89, kwahiyo ukiiwekea ya oktani ndogo unaiondolea akiba yake ya usalama. Lakini haikuwa hilo. Tatizo lilikuwa mafuta hayafiki ya kutosha, na hayafiki kwasababu zaidi ya moja, ndomana nataka tuipitie njia nzima kuanzia kwenye tenki.

Hesabu kwanza, sio ngumu. Injini ya petroli isiyo na turbo ikikanyagwa mpaka mwisho inakula kama gramu 230 za petroli kwa saa kwa kila hospawa moja. Ya turbo chukulia 270, maana chini ya boosti kuna mafuta ya ziada yanawekwa makusudi ili kupooza moto ndani ya silinda. Sasa ile 1500 yake ina hospawa 100, kwahiyo inataka kilo 23 kwa saa, ukigawa kwa uzito wa petroli ambao ni kama kilo 0.74 kwa lita unapata lita 31 kwa saa. EJ205 ya WRX, yani Impreza ya turbo, ya umri ule inatajwa hospawa 250. Hiyo ni kilo 67 na nusu, ni lita 91 kwa saa. Mara tatu. Kiwanda huwa kinaacha akiba kwenye pampu lakini hakuna anayekuachia akiba ya mara tatu bure, na hiyo pampu ya 1500 imeshatembea miaka ishirini, imeshakunywa maji na vumbi la kila kituo kati ya Dar na Mwanza.

Na hapo kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Namba iliyoandikwa kwenye pampu sio namba utakayoipata kwenye gari. Pampu inayoitwa ya lita 255 kwa saa inatoa hizo lita kwenye presha fulani na umeme fulani, na presha ikipanda lita zinashuka, umeme ukishuka lita zinashuka tena. Sasa turbo inafanya vyote viwili kwa pamoja: muda unapohitaji mafuta mengi kuliko muda wote ndio muda presha ya mafuta iko juu kabisa, na pampu inavuta ampia nyingi kupitia waya mwembamba wa kiwandani uliopigiwa hesabu ya pampu ndogo. Pima volti pale kwenye soketi ya pampu gari ikiwa inanguruma, usipime kwenye betri. Nimeshaona gari betri inasoma 13.8 na kule nyuma kwenye pampu inafika 11 na pointi, na mwenye gari anakuambia pampu feki. Rilei yake, fyuzi yake, waya mnene moja kwa moja toka betri na athi nzuri kwenye body, hiyo kazi inamaliza malalamiko mengi kuliko kununua pampu ya tatu.

Ukiwa hapohapo uliza na hili: injini yako ya turbo ilikotoka ilikuwa na kiboksi cha kuendesha pampu? Magari mengi ya turbo ya Subaru na Toyota hayaipi pampu umeme wote muda wote, gari ikiwa sailensa yanaipa kidogo ili isipige kelele na isichemshe petroli, ukikanyaga ndio inapewa wote. Kile kiboksi kimekaa kivyake, hakiko ndani ya kontrolboksi, na kwenye swapu ndio kitu cha kwanza kusahaulika kwasababu kinakuwa nyuma kwenye body ya gari iliyobaki Japani. Usipokuwa nacho chagua moja, kitafute kinachoendana na kontrolboksi yako au ipe pampu umeme kamili muda wote kwa rilei. Kuungaunga waya mpaka pampu iungurume alafu ukasema tayari, hapana, kuunguruma sio kutoa mafuta.

Haya, regyuleta, kidude kinachopanga presha ya mafuta. Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo ile Impreza ilipokuwa inafia.

Nozo ni tundu. Mafuta yanapita tunduni kutokana na tofauti ya presha ya huku na kule, sio presha ya huku peke yake. Huku kwenye reli ya nozo, paipu inayozigawia mafuta, una mafuta, kule kwenye manifodi, njia ya hewa ya kuingia silinda, una hewa. Gari ikiwa sailensa manifodi inanyonya, inasaidia kuvuta mafuta. Turbo ikishaamka manifodi inasukuma, inayapinga mafuta yanayotaka kuingia. Ndomana regyuleta ya injini ya turbo ina kimpira chembamba kinachoenda manifodi, ile presha ya manifodi inakaa juu ya kiwambo cha regyuleta na kuisukuma, kwahiyo presha ya mafuta inapanda na kushuka pamoja na boosti, na tofauti inabaki ileile, tuseme bar 3, ambayo ni kama psi 43. Manifodi ikinyonya bar 0.6, geji ya mafuta inasoma 2.4. Boosti ikifika bar 1, geji inatakiwa isome 4. Kontrolboksi inaamini hivyo, hesabu zake zote zimesimama juu ya hiyo imani.

Sasa kata hicho kimpira. Presha ya mafuta inabaki bar 3 siku zote, boosti ya bar 1 inakuja kwa mbele, tofauti imebaki bar 2. Mafuta hayapungui kwa kiasi kilekile cha presha, yanafuata kipeuo cha pili chake, mzizi wa 2 kwa 3 ni kama 0.82, yani umepoteza asilimia 18 ya petroli na kontrolboksi haina habari. Kama ilikuwa imepanga uzito wa hewa 11.5 kwa petroli 1, ambao ndio mchanganyiko wa kawaida chini ya boosti, wewe unapata 14 kwa 1. Kwa sailensa 14 ni poa kabisa. Chini ya boosti ya bar 1 ni kokoto kwenye kopo.

Na kwenye ile Impreza ndivyo ilivyokuwa. Kimpira kilikuwa kimezibwa na kabolti kadogo, bila shaka siku ya kufunga aliyefunga hakuona kinapotakiwa kwenda akaona akizibe kisivute hewa. Gari inawaka vizuri, inatulia vizuri, maana kwenye sailensa presha imezidi kidogo tu na sensa ya oksijeni inarekebisha, inapunguza muda wa nozo mpaka mambo yanakaa sawa. Ukikanyaga ile sensa haisikilizwi tena, kontrolboksi inafuata hesabu yake ya kichwani. Ndomana tatizo halionekani gereji, linaonekana barabarani, na barabarani ndipo injini inapofia.

Kipimo chake ni rahisi na hakuna sababu ya kukiruka. Funga geji ya presha kwenye mpira unaoingiza mafuta kwenye reli, washa gari, soma. Chomoa kimpira cha regyuleta, sindano ipande mpaka kwenye bar 3. Rudisha, ishuke. Isipocheza, kimpira kimeziba, kimetoboka au regyuleta imekufa. Alafu ifunge geji kwa klipu nje ya kioo uione ukiwa unaendesha, boosti ikipanda kipande kimoja mafuta nayo yapande kipande kimoja. Ikianza kupanda alafu katikati ikaporomoka, pampu imechoka au umeme haufiki.

Kuna na suala la njia ya kurudi. Regyuleta hii inafanya kazi kwa kuachia mafuta yaliyozidi yarudi tenki, kwahiyo inahitaji paipu ya kurudi. Magari mengi yasiyo na turbo ya miaka ya karibuni hayana hiyo paipu, regyuleta yao iko ndani ya tenki na presha yao haibadiliki kabisa. Ukiiweka injini ya turbo ya zamani kwenye gari ya hivyo lazima utengeneze njia ya kurudi, hakuna mkato. Na ukiwa na njia ya kurudi lakini nyembamba, alafu ukaweka pampu kubwa kupitiliza, mafuta ya kurudi yanajazana, regyuleta imefunguka yote lakini presha haishuki, gari sailensa inanuka petroli na moshi mweusi. Hapo watu wanailaumu nozo. Binafsi kwa injini ya hospawa 250 siwezi kumshauri mtu anunue pampu kubwa kuliko zote dukani, pampu inayotoa lita 91 zako kwenye bar 4 na akiba ya robo juu yake inatosha na inaishi.

Nozo sasa. Chukua zile lita 91, ni kama sisi (cc) 1,520 kwa dakika, gawa kwa silinda nne unapata 380. Lakini nozo haitakiwi ifanye kazi imefunguka muda wote. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika kila silinda ina milisekunde 20 tu za kumaliza safari yake nzima, na unataka nozo itumie zisizidi 17, asilimia 85, ili ibaki na nafasi ya kufunga na kufunguka. Kwahiyo 380 gawa kwa 0.85, unapata 447. Nozo ya sisi 440 hivi inakutosha palepale kwenye ukingo, na kama una mpango wa kuongeza boosti haikutoshi. Fanya hii hesabu kabla hujaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua, ukienda bila namba utauziwa kilichopo.

Kinachouma ni watu kuona nozo kubwa ni bora. Kontrolboksi yako imekariri 440, wewe umefunga 565 kwasababu zimetoka kwenye injini kubwa zaidi, umeongeza petroli asilimia 28 kwenye kila mpigo. Sensa ya oksijeni itajitahidi kupunguza kwenye sailensa, lakini uwezo wake wa kurekebisha una mwisho na hapo umeshafika ukingoni, na chini ya boosti hairekebishi chochote. Petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, oili kwenye sampu inanuka petroli, beringi zinakosa ulinzi. Nozo kubwa ni sawa kabisa ila ije na programu mpya kwenye kontrolboksi, na sio kuiambia ukubwa tu, kila aina ya nozo ina uzito wake wa kufunguka, inapopewa umeme inachelewa kama milisekunde moja hivi kabla haijaanza kumwaga, na umeme ukishuka inachelewa zaidi. Huo uchelewaji usipowekwa sawa gari itatembea vizuri barabara kuu alafu kwenye foleni ya Mwenge inakohoa.

Kabla hata ya ukubwa, weka maltimita kwenye pini mbili za nozo upime omu. Zipo zinazosoma kama 12 mpaka 15, zipo zinazosoma 2 au 3. Hizi za chini zinataka kontrolboksi iliyotengenezwa kwa ajili yake au boksi la resista katikati. Piga hesabu mwenyewe, volti 13 gawa kwa omu 13 ni ampia 1, volti 13 gawa kwa 2 na nusu ni zaidi ya ampia 5, hizo tano zinapita kwenye katransista kadogo ndani ya kontrolboksi kalikozoea moja. Mfano mzuri ni 2JZ-GTE ya Toyota, injini moja jina moja, ya Japani ilikuja na nozo za sisi 440 za omu kubwa, ya Marekani ikaja na za 550 za omu ndogo na resista zake. Mtu anaagiza nozo za 2JZ, anazipata kweli za 2JZ, na bado sio zake.

Subaru nako kuna umbo. Zipo nozo zinazoingizwa mafuta kwa juu na zipo zinazoingizwa kwa ubavuni, injini ni za familia moja lakini reli na manifodi ni tofauti, haziingiliani hata ukibadilisha oringi. Na usinunue kwa rangi. Najua sote tunaongea kwa rangi, pinki, njano, bluu, lakini rangi moja imetumika zaidi ya mara moja kwa vitu tofauti, soma namba iliyochapwa kwenye mwili wa nozo. Ukishazipata zipeleke kwenye mashine ya kuosha na kupima zote nne kwa pamoja, vichupa vya kioo vimejipanga unaona kila moja inajaza mpaka wapi. Moja ikimwaga pungufu kwa asilimia 15, sensa ya oksijeni inasoma wastani wa silinda zote na inaona mambo poa, huku silinda moja inaungua peke yake.

Mipira ya mafuta. Mfupi tu lakini naomba sana. Mpira wa injini ya kabureta usiuweke kwenye presha ya injekta, unafanana kwa macho ila haukutengenezwa kwa presha hiyo. Ule wa nje unatakiwa uwe umeandikwa J30R9, na ule unaozama ndani ya tenki ni aina nyingine kabisa, J30R10, maana mpira wa kawaida unalindwa kwa ndani tu, ukiuzamisha petroli inaula kwa nje, unavimba unakuwa laini, unachomoka kwenye pampu ndani ya tenki na gari inazima huku pampu inaunguruma. Klempu nazo ziwe zile bapa za kukaza mzunguko mzima, zile za meno zinakata mpira. Turbo inakaa hapo juu ya injini nyekundu kama jiko, petroli ikichirizika haikupi nafasi ya pili. Mtungi wa kuzimia moto uwe ndani ya gari siku zote za kujaribu.

Tukirudi kwa jamaa. Kabolti tukakatoa, kimpira kikaenda manifodi, kokoto zikaisha mpaka 5,000 hivi alafu geji ikaanza kuporomoka. Tukapima kwa mtindo wa zamani, injini imezimwa, mpira wa kurudi tumeuelekeza kwenye dumu lenye alama, pampu tumeiungia umeme, saa mkononi. Kwa pampu iliyo hai nataka nione lita 1 na zaidi ndani ya sekunde 30. Ya kwake ilitoa nusu lita na kidogo. Akanunua nyingine, imeandikwa jina kubwa, boksi zuri, ikatoa chini ya hiyo ya zamani, aliyemuuzia akakataa kuipokea. Ya tatu tuliipima kwenye dumu kwanza ndio tukailipia.

Gari ikawa gari. Wiki mbili baadae ananipigia simu, yuko Chalinze, mafuta robo tenki, ikifika kona ndefu ya kushoto inakata kama umezima swichi, ikinyooka inarudi. Akijaza tenki ni nzima.

Hili limenifundisha kitu nilichokuwa nakijua kwa kusikia tu. Hizo Subaru za kuvuta tairi zote nne tenki lake limekaa kama tandiko la punda, katikati limepinda ili shafti ipite, kwahiyo mafuta yakishuka yanagawanyika pande mbili na pampu iko upande mmoja. Ule upande wa pili unavutwaje? Kuna kidude kidogo cha plastiki humo ndani, mafuta yanayorudi toka injini yanapita kwenye tundu lake dogo kwa kasi na ile kasi inanyonya mafuta ya upande wa pili kuyaleta kwa pampu. Hakina mota wala waya, kinaendeshwa na mafuta ya kurudi. Siku tunafunga pampu ya tatu tuliuacha mpira wa kurudi umwage tu ndani ya tenki, haukurudishwa kwenye kile kidude. Yani upande wa pili una lita kumi na kitu za petroli zimelala pale na gari inakufa njaa.

Tulifungua siti ya nyuma, tukatoa pampu, mpira ukarudi mahali pake na klempu mpya. Mpaka leo akifika robo tenki ananipigia picha geji ya mafuta ananitumia, gari iko kwenye kona.